Viatu vya mlima vya mitumba: usinunue sura, nunua umri

Na Mwandishi Wetu, Moshi

CHUKUA mfano huu, ndugu msomaji. Umesimama kwenye meza ya mitumba katika soko la Memorial mjini Moshi. Mbele yako zimepangwa jozi mbili za buti za kupandia mlima. Jozi ya kwanza inang'aa, meno ya soli ni kamili, kamba ni mpya na ndani hakuna hata alama ya kisigino. Jozi ya pili imechubuka puani, ngozi imekunjamana na soli imelika kidogo upande wa nje. Muuzaji anataka Sh. 60,000/- kwa ile ya kwanza na Sh. 45,000/- kwa hii ya pili.

Wanunuzi wengi wataichukua ile inayong'aa. Wataongeza Sh. 15,000/- kwa moyo mmoja na kuondoka wakiamini wameokota dodo chini ya mwarobaini. Lakini katika biashara ya vifaa vya mlima, mara nyingi jozi hiyo ndiyo inayokula mtaji.

Mwandishi wa ukurasa huu aliyajua haya kwa kulipa. Miaka kadhaa iliyopita alinunua buti zilizoonekana hazijawahi kukanyaga chini. Zilipanda vizuri. Wakati wa kushuka, katika tope la njia ya Mweka, soli ya mguu wa kulia iliachia kwanza kisigino, kisha ikabaki yote nyuma kama kandambili. Saa moja baadaye ya kushoto ikafuata. Ngozi ya juu ilikuwa bado inang'aa.

Wiki hii, basi, ukurasa wa soko unaangalia namna ya kupima hali ya buti, mabegi ya kulalia, makoti na mahema yaliyotumika kabla ya kutoa fedha. Tunawalenga wafanyabiashara wa mitumba, wenye maduka ya kukodisha vifaa mjini Moshi, Marangu na Machame, na yeyote mwenye akiba ndogo anayefikiria kuiingiza katika biashara hii.

Bidhaa yenye njia nne

Vifaa vya mlima vilivyotumika humfikia mnunuzi wa Moshi kwa njia kuu nne. Ya kwanza ni marobota ya mitumba kutoka nje. Biashara hiyo, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la kafa ulaya, ilishika kasi baada ya milango ya uagizaji kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Ya pili ni zawadi: mgeni akimaliza kupanda humwachia kiongozi au mpagazi wake jaketi, buti au fimbo za kutembelea, na baadhi ya zawadi hizo huishia sokoni. Ya tatu ni kampuni za utalii zinazouza vifaa vyao vya zamani. Ya nne ni wenye maduka ya kukodisha wanaofunga biashara au wanaobadili mali.

Kila njia ina ugonjwa wake. Kifaa cha robota hakina historia. Hakuna anayejua kimekaa wapi wala kwa muda gani. Zawadi ya mgeni kwa kawaida ni nzuri zaidi kwa sababu ilikuwa ikitumika mpaka juzi. Vifaa vya kampuni vimefanya kazi nyingi, lakini mwenye mali akiwa mkweli anaweza kukueleza umri wake. Vya duka linalofungwa huwa vimekaa. Hapo uwe na tahadhari, hasa kwa mali iliyolala stoo tangu mwaka 2020, wageni walipopungua ghafla kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19.

Wateja nao ni wa aina mbili. Yupo mgeni anayekodi kwa siku tano hadi nane kwa sababu hakutaka kubeba mzigo mkubwa kwenye ndege, au ambaye begi lake limepotea njiani. Na wapo wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, wanaonunua kwa fedha zao wenyewe. Mgeni akiharibikiwa atadai fedha zake. Mgumu akiharibikiwa, mara nyingi hana wa kumdai.

Ikumbukwe pia ni mlima gani tunaouzungumzia. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara, kwenye njia ya Marangu, kiko karibu mita 2,700, Horombo kiko karibu mita 3,720 na Kibo karibu mita 4,700. Safari ya kileleni huanza karibu na usiku wa manane, na usiku huo baridi huweza kushuka nyuzi 15 na zaidi chini ya sifuri. Kifaa kibovu hakitakwambia kuwa ni kibovu ukiwa bado Moshi kwenye joto. Kitakwambia huko juu.

Kuoza bila kuvaliwa

Siri ya buti iko katikati. Kati ya soli ya chini yenye meno na ngozi ya juu kuna tabaka la povu linalobeba uzito na kupunguza mshindo. Katika buti nyingi za miongo ya karibuni, povu hilo hutengenezwa kwa poliyurethani. Ni jepesi, ni imara na mguu haulalamiki. Lakini lina adui mmoja, nao ni unyevu wa hewani.

Maji yaliyomo hewani huingia polepole ndani ya povu na kuvunja viungo vyake. Joto huharakisha kazi hiyo. Povu hugeuka kuwa laini kama jibini, kisha huanza kumeguka kama mkate mkavu. Haijalishi kama buti imevaliwa au haikuvaliwa. Kwa kweli, buti inayovaliwa mara kwa mara huweza kudumu kuliko iliyofungiwa ndani ya boksi, kwa sababu kila hatua hubana povu na kusukuma nje sehemu ya unyevu. Buti iliyokaa miaka mingi kwenye kabati huko Ulaya, ikasafiri ndani ya kontena lenye joto, kisha ikalala kwenye stoo ya mabati, inaweza kuwa mpya kwa macho na maiti kwa ndani.

Povu la aina hii kwa kawaida huanza kuwa la mashaka kati ya mwaka wa tano na wa kumi tangu kutengenezwa. Ndiyo maana tunasema: usinunue sura, nunua umri.

Wapo watakaokuonyesha alama ya manjano ya Vibram chini ya soli kama hati ya dhamana. Alama hiyo, ikiwa ni halisi, inahusu mpira wa chini tu, nao ni mpira mzuri. Haisemi lolote juu ya umri wa povu lililo juu yake. Soli bora iliyobandikwa juu ya povu lililooza itadondoka ikiwa nzima na meno yake yote.

Kidole gumba ndicho mkaguzi

Upimaji hauhitaji mashine. Unahitaji kidole gumba, mwanga wa mchana na subira. Kwanza omba ruhusa kwa heshima, maana meza ni ya mtu.

"Shikamoo mama. Naomba niikunje kidogo hii buti."

"Marahaba, kunja tu mwanangu. Hiyo ni gredi ya kwanza."

Muuzaji asiyekubali buti yake ikunjwe amekwisha kukupa jibu. Mshukuru, endelea na safari.

Akikubali, anza na ubavu wa povu, ule mstari kati ya soli na ngozi. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Povu zima hubonyea kidogo na kurudi. Povu lililooza hubaki na alama, au hunata, au huacha unga kwenye ukucha. Kama ubavu umefunikwa kwa ukanda wa mpira, tafuta sehemu ya kisigino au ya upinde ambapo povu linaonekana.

Pili, ikunje buti puani kama mtu anayechuchumaa, mara ishirini, bila haraka. Kisha angalia mstari wa gundi kuizunguka yote. Nyufa ndogo nyembamba kwenye povu ni onyo. Mwanya unaofunguka na kufunga ni onyo kubwa zaidi. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Mmoja huweza kutangulia mwingine.

Tatu, igonge soli kwenye ukingo wa meza huku umekinga karatasi nyeupe chini. Mchanga wa kawaida ni halali yake. Chembechembe laini za rangi ya povu ni habari mbaya.

Nne, toa sponji ya ndani na utie mkono mpaka puani. Tafuta unyevu, harufu ya ukungu, tundu kwenye kitambaa cha kisigino na misumari au waya unaochoma. Angalia ngozi mahali inapojikunja. Mikunjo si kosa, lakini ngozi iliyopasuka kwenye mkunjo haizibiki ikazuia maji.

Tano, funua ulimi wa kiatu usome kitambulisho kilichoshonwa ndani. Viwanda vingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa, au namba ya bidhaa. Ukiwa na simu yenye intaneti, tafuta namba hiyo pale pale. Ukigundua kwamba toleo hilo liliacha kutengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, bei yake ni ya kiatu cha mjini. Si ya kiatu cha mlima.

Zipo pia buti zenye povu jingine, jepesi zaidi, liitwalo EVA. Hilo halivunjwi na unyevu kwa namna hiyo, lakini huchoka kwa kubanwa. Ziweke juu ya meza iliyo sawa na uziangalie kwa nyuma. Kama zimeinama upande mmoja, au ubavu wa kisigino una mikunjo ya kulala, povu limekufa na mguu wa mteja utalijua siku ya pili.

Wala usidharau buti za kizamani za ngozi nzito, zenye mshono unaoonekana ukizunguka soli na mpira mtupu katikati badala ya povu. Ni nzito, lakini fundi hodari anaweza kuzibadili soli.

Fundi anaweza nini?

Wauzaji hupenda kusema kwamba tatizo la soli ni la gundi tu. Wakati mwingine wanasema kweli. Mnunuzi anatakiwa ajue tofauti.

Kama soli imeachia lakini povu bado ni gumu na linarudi ukilibonyeza, basi ni gundi iliyochoka. Fundi viatu atasafisha pande zote mbili, atapaka gundi, ataibana usiku mzima na kuongeza mshono pembeni. Hiyo ni gharama ya kawaida ya biashara. Itoe kwenye bei kabla hujalipa.

Kama povu lenyewe linameguka, gundi haina pa kushika. Utabandika leo, kesho itatoka na kipande kingine cha povu. Mshono nao utakata povu kama kisu kinavyokata keki. Hapo dawa ni kulitoa povu lote na kuweka jipya, kazi ambayo mara nyingi hugharimu kuliko kiatu. Jozi ya namna hiyo usiinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Begi la kulalia: pima usingizi, si kitambaa

Begi la kulalia ndicho kifaa cha pili kwa kuwaletea hasara wanaokodisha, kwa sababu malalamiko yake hayaepukiki. Mgeni aliyetetemeka usiku kucha husimulia kwa kila anayekutana naye.

Kinacholeta joto ni hewa iliyotulia ndani ya manyoya laini ya bata au nyuzi za viwandani. Kitambaa ni kibebeo tu. Basi pima unene. Litoe begi kwenye mfuko wake, likung'ute, liache kivulini nusu saa ndipo uliangalie. Begi zima huumuka kama andazi. Lililokufa hubaki limelala kama shuka.

Kisha liinue kuelekea kwenye mwanga. Mahali mwanga unapopenya wazi, manyoya yamehama au yameisha, na hapo ndipo baridi itakapoingia. Ukikuta mabonge, vuta pumzi karibu nayo. Mabonge yasiyo na harufu mara nyingi ni jasho na uchafu, na kufua kwa sabuni laini na kukausha taratibu huku ukiyachambua huweza kuyarudisha. Mabonge yenye harufu ya ukungu yaache. Kwa nyuzi za viwandani hukumu ni moja: zikishalala baada ya kubanwa miaka mingi, haziamki.

Soma pia lebo. Mwaka 2002 Ulaya ilitoa kiwango cha EN 13537, ambacho mwaka 2016 kilifuatiwa na ISO 23537. Begi lililopimwa kwa viwango hivyo huonyesha ngazi tatu za joto: ya kulala kwa starehe, ya kikomo, na ya dharura. Muuzaji atakutajia ile ya dharura kwa sababu ndiyo kubwa. Lakini ngazi hiyo ni ya kunusurika kufa, si ya kulala usingizi. Wewe nunua kwa kuangalia ngazi ya starehe, ukikumbuka kwamba namba zote ni za begi likiwa jipya.

Mwisho jaribu zipu kuanzia juu mpaka chini, mara tatu. Kichwa cha zipu kilicholegea huweza kubanwa kidogo kwa koleo kikapona. Meno yaliyong'oka ni kazi ya kubadili zipu nzima.

Makoti na mahema

Koti la mvua geuza ndani nje. Ukiona tabaka la ndani linabambuka kama ngozi iliyoungua jua, au utepe uliobandikwa juu ya mishono umeinuka, koti hilo halizuii tena mvua. Angalia zaidi mabegani, ambako mikanda ya begi husugua. Kama ndani ni zima, tengeneza kibakuli kwa kitambaa cha bega, mimina maji kidogo, subiri dakika tano ushike upande wa pili. Maji yakisambaa juu ya kitambaa bila kupenya, ni suala la kufua na kupulizia dawa. Yakipenya, ni suala la kurudisha mezani.

Jaketi la manyoya hupimwa kama begi la kulalia. Tazama pia mishono inayovuja unyoya mmoja mmoja. Kila unyoya ulio sakafuni ni joto la mteja lililokwisha kutoka.

Hema lisinunuliwe likiwa ndani ya mfuko. Lisimamishwe, hata kama ni katikati ya uchochoro. Lina ugonjwa ule ule wa buti, kwa sababu mahema mengi hupakwa poliyurethani upande wa ndani ili yazuie maji. Dalili zake ni kunata mkononi na harufu chachu kama ya matapishi. Hakuna kufua kunakoliponya. Jua la mlimani nalo huchoma kitambaa; kishike sehemu ya juu kabisa kwa vidole viwili vya kila mkono na kivute. Kikichanika kama karatasi, shukuru kimechanika sokoni. Pitisha kidole kwenye ncha za nguzo kutafuta nyufa, vuta mpira ulio ndani yake, na hesabu vigingi.

Vya kuacha mezani

Kuna vitu ambavyo tunashauri visinunuliwe vikiwa vimetumika, hata viwe rahisi namna gani. Kamba za kupandia na mikanda ya kujifungia mwilini ni vya kwanza. Historia yake haionekani kwa macho, na havitoi nafasi ya pili.

Nguo za ndani za kuzuia baridi nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na mwenye robota asikudanganye kwamba za mlimani ni jambo jingine.

Uwe macho pia na jaketi na suruali zenye madoadoa ya kijeshi, ambazo hutokea ndani ya marobota. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Mtaji uliofungwa kwenye nguo hizo si mtaji, ni kesi.

Na daima dai risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, yenye jina la muuzaji na maelezo ya kifaa. Vifaa hupotea mlimani na kwenye mahoteli. Kukutwa na mali ya wizi kuna gharama kuliko buti yoyote.

Hesabu yenyewe

Sasa turudi kwenye zile jozi mbili. Tuseme unakodisha buti kwa Sh. 12,000/- kwa safari moja, na kila safari inakugharimu Sh. 1,000/- za kusafisha na kamba.

Jozi inayong'aa umeinunua Sh. 60,000/-. Safari ya kwanza inakwenda salama. Safari ya pili soli inaachia na unamrudishia mteja fedha zake. Umeingiza Sh. 12,000/-, umetumia Sh. 62,000/-. Hasara ni Sh. 50,000/-, bila kuhesabu jina lako kwa kiongozi aliyekuletea mteja huyo.

Jozi iliyochubuka umeinunua Sh. 45,000/-, na povu lake ulilipima ukaliona zima. Fundi amekula Sh. 10,000/- kwa kuongeza gundi na mshono. Ikikaa safari 12 imeingiza Sh. 144,000/-. Ondoa Sh. 55,000/- za mtaji na Sh. 12,000/- za matunzo. Faida ni Sh. 77,000/-, na huenda kiatu bado kipo.

Bei hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke za kwake. Kinachobaki pale pale ni kanuni: kifaa cha kukodisha hakina bei nyingine zaidi ya idadi ya safari zilizobaki ndani yake. Kabla hujalipa, jiulize ni safari ngapi, kisha gawa.

Wakati wa kununua na namna ya kutunza

Biashara ya mlima ina misimu. Wageni huongezeka Januari na Februari, kisha kuanzia Juni hadi Oktoba. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, mlima huwa na mvua na mali hulala. Anayehitaji fedha wakati huo huuza kwa bei ya kusikiliza. Mwenye akiba anunue Aprili na Mei, afanye matengenezo, na Juni awe tayari.

Ila mali hiyo hiyo ikilala vibaya kwako, ugonjwa umehamia kwako. Usiviweke vifaa kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa. Inafungia unyevu ndani. Usiviweke juu ya saruji tupu. Mabegi ya kulalia yatundikwe, yasikae yamebanwa. Buti zikaushwe kivulini zikiwa na magazeti ndani, na kamwe zisikaushwe karibu na jiko. Moto wa jikoni kambini umeua gundi nyingi. Mara moja kwa mwezi mtu azivae na kutembea nazo, hata kama ni kwenda dukani. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika, chini ya ulimi, mwezi na mwaka wa kununua, na mwaka wa kutengenezwa kama umeujua. Jozi ya poliyurethani ikitimiza miaka kumi, iondoke kwenye orodha ya mlima.

Iende wapi?

Hapo ndipo kwenye kishawishi, na ukurasa huu unapenda kukisema wazi. Buti ambayo mwenye duka haithubutu kumpa mgeni ina mnunuzi anayejulikana: mgumu anayeanza kazi, mwenye fedha kidogo, anayetaka kiatu leo kwa safari ya kesho. Kwa utaratibu wa hifadhi, mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20. Lakini kilo 20 juu ya soli inayoachia, kwenye mawe ya Barranco au mteremko wa Mweka, ni nyingi kuliko zilivyo kwenye mzani.

Wapo wanaosaidia. Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, wenye ofisi yake hapa Moshi, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Mfanyabiashara anayekutana na mgumu asiye na fedha za kutosha hatapata hasara kwa kumwelekeza huko. Kesho mgumu huyo ni msaidizi wa kiongozi, keshokutwa ni kiongozi, na kiongozi ndiye anayeamua mteja akodi wapi.

Buti iliyooza povu bado ina kazi. Itafaa shambani, kwenye migomba na kahawa, ambako soli ikiachia mtu anarudi nyumbani peku. Iuzwe kwa bei hiyo, na mnunuzi aambiwe hivyo.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokuta zile jozi mbili zimekaa pamoja mezani, usiulize bei kwanza. Nyoosha kidole gumba.